Piano ya Kitambaa

Kwenye begi langu la kazi, kati ya boksi la sindano na daftari la mbuzi waliochanjwa, kuna kitambaa kilichoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Dereva wetu wa zamani alizoea kusema kwamba siku gari likishika moto nitaokoa kitambaa kwanza, halafu sindano, halafu yeye. Alikuwa ananitania, lakini hakukosea sana. Sindano ni za serikali.

Ni kipande cha marekani chenye upana wa meza ndogo, na juu yake pamechorwa kwa wino mweusi vibao vya piano: vyeupe ishirini na tisa, vyeusi ishirini. Hakitoi sauti yoyote. Nimekipiga Ikutha, nimekipiga Kibwezi, nimekipiga juu ya boneti ya gari tukingoja wafugaji watoe mbuzi bomani, na juu ya friza ya soda ya duka moja pale mjini Wote, mpaka mwenye duka akaniuliza kwa upole kama nimekunywa dawa zangu.

Aliyekichora alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa mjane, amestaafu kufundisha shule ya msingi, akiishi Matinyani katika nyumba ya mabati mekundu. Sebuleni mwake kulikuwa na piano ya kweli, ya mbao, iliyowahi kuwa ya shule moja ya misheni. Shule iliponunua kinanda cha umeme, piano ikatupwa stoo kungoja kupasuliwa kuni, naye akaenda kuiomba. Miguu ya piano hiyo ilisimama ndani ya mikebe minne ya oili chafu ya gari, kwa sababu mchwa wa Matinyani hawaheshimu muziki. Sebule nzima ilinuka oili. Mpaka leo nikipita karibu na gereji, vidole vyangu huamka.

Alinifundisha nikiwa darasa la nne, jioni za Jumamosi, kwa nota za solfa alizoziandika kwa chaki kwenye ubao mdogo. Nilipoenda sekondari ya bweni niliacha, kama watoto wote wanavyoacha mambo wanayodhani yatawangoja. Nilirudi kwake nikiwa na miaka thelathini na minane, nimehamishiwa Kitui kama afisa wa mifugo, mkononi nimebeba kilo mbili za sukari na aibu ya miaka zaidi ya ishirini bila salamu. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Imekuwa mikono ya kushika pembe," akasema. "Keti."

Mimi si mtu wa kuambiwa keti. Nimewahi kubishana na mkubwa wangu wa kazi juu ya kiti. Lakini nilikaa kwenye kile kistuli cha piano, na nikagundua kwamba mkono wa kulia ulikuwa bado unakumbuka njia. Wa kushoto ulikuwa umesahau hata kwao.

Nikawa naenda kila Jumamosi. Baada ya miezi miwili ndipo aliponiambia alichokuwa akikitaka. Masikio yake yalikuwa yanaondoka. Sauti nyembamba za juu zilikwisha kwenda, ndege hakuwasikia tena asubuhi, na sasa zilikuwa zinafuata za kati. Hospitalini walikuwa wamempa dawa ya matone, na alipomaliza chupa ya tatu akaitupa akicheka. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Safari hii wahenga wamesema kweli tupu."

Kisha akatoa karatasi kutoka ndani ya Biblia yake. Ulikuwa wimbo wa mama yake, wimbo wa kutwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kutolewa maganda kinuni, ambao yeye mwenyewe aliupanga kwa piano alipokuwa mwalimu kijana. Mkono wa kulia unaimba. Mkono wa kushoto ni wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi huu unapanda, ule unashuka, kutoka do ya chini hadi do ya juu yake, na kurudi, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika. Aliupiga miaka mingi, harusini na kwenye sherehe za shule, mpaka baridi yabisi ilipomkunja vidole.

"Watu wote wa hapa wameusikia," akasema. "Mimi tu ndiye sijausikia. Nilikuwa napiga, na anayetwanga hasikii kinu, anahesabu tu. Nataka kuusikia nikiwa nimekaa pale." Akaonyesha kiti cha wageni, kile cha vitambaa vya kufuma. "Nikiwa nimekaa kama mgeni. Mara moja tu, kabla hapa hapajafungwa." Akagusa sikio.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Kijana wa kinanda kanisani kwake ni hodari, lakini hupiga kwa kusikia, na hajui do iliyoandikwa ikoje. Nikaichukua karatasi, nikasema nitampigia. Niliahidi haraka, kama kawaida yangu, bila kuuliza mkono wangu wa kushoto maoni yake.

Wiki iliyofuata homa ya mbuzi ilizuka kusini, na nikapewa gari, dereva na majokofu mawili ya chanjo. Ikutha kwanza, kisha kuvuka kwenda upande wa Makueni. Miezi mitatu, labda minne. Nilikwenda kumwambia nikiwa nimejaa hasira, nikasema basi wimbo ungoje, kwa sababu piano haipandi gari.

Alinisikiliza huku amekunja uso. Nilidhani hasikii, kumbe anakasirika.

"Mwana wakwa, wewe umezaliwa wapi? Umewahi kuona mwanamke wa huku akiweka kiondo chini eti kwa sababu anaenda sokoni?"

Sijawahi. Nilikua nikiwaona mama zetu wakitembea maili na maili, mzigo mgongoni, kiondo kilichoanzwa kikining'inia mbele ya kifua, vidole vinasuka peke yake. Walikusalimu, wakakuuliza habari za nyumbani, wakavuka korongo, na mikono haikusimama.

"Kiondo husukwa njiani," akasema. "Nyumbani ni kumalizia tu."

Siku hiyohiyo alitoa kipande kipya cha marekani alichokuwa amekinunua kwa ajili ya foronya. Akakitandaza juu ya vibao vya piano, nami nikashika ncha, naye akaanza kuchora kimoja kimoja, kwa wino wa kuandikia magunia ya mahindi, ule usiotoka hata kwa maombi. Vidole vyake vilivyopinda vilishika kalamu vizuri kuliko nilivyotarajia. Ilituchukua alasiri nzima.

Dereva alipoona nikikitandaza mara ya kwanza alipunguza mwendo kilomita tano nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

"Daktari," akasema hatimaye, "si udownload tu app? Kuna piano kwa simu, na iko free."

Nilishajaribu. Vibao vyake vilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, na nikivigusa kwa kidole kimoja vinalia vitatu. Nikamwambia aendeshe gari.

Ikutha tulilala kwenye lojingi ya vyumba vinne nyuma ya duka. Mwenyewe alikuwa mama Mwislamu, familia yake imetoka kaskazini mashariki, mume wake akinunua mbuzi na kuwapeleka Nairobi. Kazi yetu ilianza alfajiri na kuisha jua likiwa kali, na mchana kati ya saa nane na saa kumi, watu wote wamejificha kivulini, mimi nilikuwa kwenye meza ya ua wake nikitwanga kitambaa. Siku ya tatu akaleta chai ya tangawizi na kiti chake.

"Hiyo inalia wapi?" akauliza.

"Kichwani."

Akakaa kusikiliza. Nilipiga wimbo mzima, nikikosea mara saba au nane, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

"Mimi sisikii kitu," akasema, "lakini huo mkono yako ya left umechoka, wallahi."

Alikuwa amesema kweli. Kutoka do hadi do mkono wangu haukufika sawasawa. Kidole cha mwisho kilikuwa kinajivuta kama mbuzi anayepelekwa kwenye sindano, na baada ya dakika kumi kifundo cha mkono kiliwaka moto. Nilijilaumu kwa kuzaliwa na mikono midogo, nikamlaumu mama yangu, nikawalaumu hata wale wanawake wawili wa kutwanga kwa bidii yao isiyo na maana.

Kisha chupa ya dawa ya minyoo ikafunguka ndani ya begi. Kitambaa kikalowa dawa, kikanuka mpaka dereva akasema ama mimi ama hicho kitu. Nikampa mwenye lojingi kitambaa pamoja na makoti yangu ya kazi afue, na nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe atumie maji yanayochemka, kwa sababu dawa ile haitoki kwa maji ya baridi. Alifanya vile nilivyomwambia. Kilirudi cheupe, kimepigwa pasi, wino haujafifia hata kidogo.

Na tangu siku hiyo mkono wangu ukaanza kufika.

Nieleze jinsi nilivyofurahi. Kidole gumba kwenye do, kidole cha mwisho kwenye do, bila maumivu, bila kujivuta. Nikajiambia ndiyo matunda ya mazoezi. Nilivimba kichwa. Nilimwonyesha dereva, nikamwonyesha mwenye lojingi, na tulipovuka kwenda Makueni nikawa naongeza mwendo, wale wanawake wakitwanga kama wana njaa. Tulipomaliza zamu, baada ya miezi mitatu, niliingia Matinyani kama mtu anayeleta kombe.

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wageni. Nilipomsalimu ilibidi niongeze sauti, lakini alinisikia. Alisema sauti nene bado zinaingia, na za kati zikija polepole. Nikakaa kwenye kistuli, nikanyoosha mkono wa kushoto kwa madaha yote, nikaanza.

Nilipiga ti na do kwa pamoja. Nikarudi chini, kidole cha mwisho kikaangukia kibao kisicho chake. Nikajaribu tena, na tena, kila mara mkono ukitua katikati ya vibao viwili kwa uhakika kabisa, kwa sababu ulikuwa umefunzwa kutua hapo kwa miezi.

Akainua mkono.

"Hao ni wanawake gani," akauliza, "wanaotwanga nje ya kinu?"

Nikamwambia sijui. Akasimama, akakitoa kitambaa kwenye begi langu, akakitandaza juu ya piano palepale alipokichorea. Akalinganisha do ya kushoto kabisa. Upande wa kulia, kitambaa kilikwisha vibao viwili na zaidi kabla ya mahali pake.

"Ulifua," akasema.

"Nilifua."

"Na maji ya moto."

Yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji na mgongo wangu ukiangalia nyumba, mtu mzima, afisa wa serikali, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Kilichoniuma si kicheko. Nilikuwa nimehesabu: miezi mitatu ya masikio yake nilikuwa nimeitumia kujifunza kukosea.

Alinifuata nje baadaye.

"Kosa ni la wawili," akasema. "Mimi nilichora kabla ya kufua. Hata fundi wa cherehani wa jana anajua kitambaa kipya kinaloweshwa kwanza. Njoo tuanze."

Cha pili alikichemsha mara tatu kabla ya kukichora. Ndicho hiki nilicho nacho sasa. Kile cha kwanza alikitandika juu ya redio yake, ambayo hakuifungua tena, na kila mgeni alisimuliwa habari zake.

Niliporudi kusini kwa zamu ya pili nilimwahidi kuwa nyumbani kabla mbaazi hazijavunwa. Safari hii sikujisifu. Mkono uliuma kila siku, na nikaona maumivu hayo kuwa ushahidi kwamba kipimo ni sahihi. Nilikuwa nikimpigia simu Jumapili. Mwanzoni tuliongea, kisha nikawa napiga kelele mpaka watu wanageuka barabarani, kisha akawa anapokea na kusema tu, "Niko mzima, endelea kusuka," na kukata kabla sijasema neno. Mwezi wa saba aliacha kupokea.

Niliomba ruhusa. Nikaambiwa ugonjwa umeruka kwenda bonde lingine la Makueni, hakuna afisa anayeondoka. Ningeweza kugoma. Mimi ambaye hubishana juu ya kiti, siku hiyo nilisema ndiyo, nikachanja mbuzi wiki tano zaidi, na sijawahi kujielewa kwa nini. Waliosema chelewa chelewa utakuta mwana si wako walikuwa na watu kama mimi mawazoni.

Nilifika Matinyani mbaazi zimekwisha kupurwa na maganda yake yamerundikwa uani. Alikuwa mlangoni. Nilimwambia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akasema, "Mvua haikuwa mbaya." Kisha akaona begi. Akaingia chumbani, akatoka amevaa gauni lake la kanisani na leso safi kiunoni, akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani, miguu pamoja.

Nikapiga. Niliupiga kama ulivyoandikwa, au ndivyo nilivyodhani, na mchi ulitua ndani ya kinu kila mara. Sijawahi kupiga kitu vizuri hivyo. Ile sebule ya harufu ya oili ilijaa. Nilikuwa nimebakiza mistari miwili hivi nilipomsikia nyuma yangu, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Umeanza?"

Mikono yangu ikasimama. Nilitaka kuipiga teke ile piano, mikebe na yote. Nilitaka kurudisha wiki tano. Nikalia nikiwa nimempa mgongo, nikijua hata kilio hasikii, na hilo ndilo lililonifanya nilie zaidi.

Yeye hakulia. Aliniacha kidogo, kisha akanigusa bega.

"Leta ile ya safari," akasema.

Sikuelewa. Akalifungua begi mwenyewe, akatoa kitambaa, akarudi kwenye kiti chake na kukitandaza juu ya mapaja yake, juu ya gauni la kanisani, akikinyoosha kwa viganja mpaka hakuna kunyanzi. Ncha mbili zikaning'inia kando. Akaonyesha kistuli. Nikakivuta, nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

Nikaanza. Mkono wangu wa kushoto ulitwanga juu ya paja lake la kulia, huu ukipanda na ule ukishuka, na wa kulia ukaimba juu ya jingine. Ile do ya chini kabisa ilikuwa imening'inia nje ya mguu, kila nilipoifikia nikawa nabonyeza hewa, naye kila mara akasogeza mguu kidogo kuifuata. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Kichwa kilikuwa kinakwenda.

Katikati ya ubeti wa pili akakamata kidole changu cha nne.

"Hapo unaruka," akasema. "Kuna re hapo. Mama yangu hakuiruka."

Nikageuka kutazama karatasi pale kwenye piano. Re ilikuwepo. Nilikuwa nimeiruka Ikutha, nimeiruka Kibwezi na Wote, nimeiruka kwenye piano ya kweli robo saa iliyopita na masikio yangu mawili mazima hayakuniambia chochote.

Nikaanza upya, na safari hii nikafika mwisho. Nilipoinua mikono hakufumbua macho mara moja. Alikaa kama watu wanavyokaa wakati wimbo umekwisha na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukohoa.

"Kumbe ni mrefu hivi," akasema. "Nilipokuwa naupiga niliona ni mfupi."

Akakinyoosha tena kitambaa juu ya mapaja yake, akaweka mikono yake kando ili isinizuie.

"Tena," akasema.

Nikaupiga tena. Nilipofika kwenye ile re, sikuiruka.